Uvimbe kwenye neva ya jicho: kwa nini mionzi hugawanywa siku thelathini

Mama yangu mdogo ni mshonaji, Mbagala. Mshonaji akitaka kutunga uzi kwenye sindano hufumba jicho moja, na ndivyo alivyojigundua. Siku hiyo alifumba jicho la kushoto badala ya la kulia alilolizoea, akaona uzi mwekundu uliokuwa juu ya cherehani umekuwa rangi ya tofali. Akabadilisha jicho, nyekundu ikarudi kuwa nyekundu. Akarudia mara nne, tano. Akasema ni kivuli cha turubai la kibanda, akaendelea na kazi; gauni la mwali lilikuwa linasubiriwa.

Kutoka siku hiyo hadi siku tuliyopata jibu ulipita mwaka na nusu. Zahanati ya kwanza ilimpa miwani. Ya pili ilimwambia ni presha ya macho, akaweka matone miezi minane. Hakuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililotudanganya sote, maana kwetu jicho lisilouma ni jicho zima. Mwishowe daktari mmoja wa macho alizima taa ya chumba, akachukua tochi ndogo, akaanza kuihamisha kutoka jicho moja kwenda la pili, taratibu, kushoto, kulia, kushoto. Mwanga ukifika jicho la kushoto, mboni zote mbili zinasinyaa. Ukihamia la kulia, zinapanuka, kana kwamba mtu amezima taa.

"Mama," alimwambia, "jicho lako lenyewe ni zima. Tatizo liko nyuma ya jicho, kwenye waya unaopeleka habari."

Ninaandika makala hii kwa sababu ya yaliyofuata. Kuna swali moja lililotusumbua nyumbani wiki nzima, na nimekuta familia nyingine zinasumbuka nalo: kama mionzi ya kisasa inalenga kwa usahihi wa milimita, kwa nini mgonjwa huyu aende hospitali siku thelathini badala ya kupigwa siku moja akamaliza? Jibu lake ndilo linaloeleza namna kuona kunavyookolewa.

Tuanze na huo waya. Mshipa wa fahamu wa jicho, ambao hapa nitauita neva, hutoka nyuma ya jicho, hupita kwenye tundu jembamba la mfupa, kisha hukutana na mwenzake wa jicho la pili chini ya ubongo. Urefu wake wote ni kama sentimita 5. Ndani yake mna nyuzinyuzi zaidi ya milioni 1, kila moja ikibeba kipande chake cha picha. Neva ya mkononi ikikatwa inaweza kuota tena polepole. Ya jicho haioti. Kwa asili yake ni sehemu ya ubongo iliyojitokeza nje, na inavikwa utando uleule unaouvika ubongo. Unyuzi uliokufa umekufa, na kipande chake cha picha kimepotea moja kwa moja.

Kwenye huo utando ndipo uvimbe wa mama mdogo ulipoota. Uvimbe wa utando wa ubongo huitwa meninjioma, jina lililotolewa na daktari mpasuaji Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1922. Walio wengi huupata ndani ya fuvu. Ule unaoota kwenye ala ya neva ya jicho ni nadra, kama 1 hadi 2 katika kila meninjioma 100, na huwapata zaidi wanawake wa makamo. Kwa kawaida si saratani. Hausambai kwenda kwenye mapafu wala maini. Unakua polepole, miaka kwa miaka, kuizunguka neva kama ganda la plastiki linavyouzunguka waya wa umeme, na kadiri ganda linavyonenepa waya unabanwa na kukosa damu.

Ndiyo maana dalili zake zinajificha. Rangi huanza kufifia, hasa nyekundu. Pembe fulani ya picha inakuwa na ukungu. Wengine jicho huzima kwa sekunde chache wanapolizungusha kutazama pembeni, kisha likarudi. Jicho linaweza kusogea mbele kidogo sana, kiasi ambacho watu wa nyumbani hawaoni kwa sababu wanakuona kila siku. Na kwa kuwa jicho la pili linafanya kazi vizuri, mtu anaendelea kupanda daladala, kuhesabu chenji, kusoma ujumbe wa simu, bila kujua kwamba anaishi kwa jicho moja. Jaribio la mama mdogo ni jaribio la kweli: madaktari wa macho hufanya hilohilo kwa kitu chekundu, jicho moja baada ya jingine.

Kinachothibitisha ni kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, na hapa niseme jambo moja ambalo lingetuokolea fedha. MRI ya kawaida ya kichwa inaweza kuupita uvimbe huu. Neva ya jicho imezungukwa na mafuta, na mafuta hung'aa kwenye picha kiasi cha kuumeza uvimbe mwembamba. Daktari anapaswa kuomba MRI ya macho yenyewe, iliyochomwa dawa ya kung'arisha, na mng'ao wa mafuta uzimwe. Tulipoirudia hivyo, hata mimi niliyeshika picha kwa kutazamia dirishani nililiona lile jambo. Kwenye picha iliyokatwa kwa urefu, kulikuwa na mistari miwili myeupe yenye weusi katikati, kama reli za treni. Kwenye picha iliyokatwa kwa upana, bangili nyeupe. Ule weusi katikati ya bangili ndiyo neva. Mara nyingi picha kama hiyo inatosha, haihitajiki kukata kipande cha nyama kwenda kupima, kwa sababu huko kukata kwenyewe kunaweza kuliua jicho.

Swali la kwanza la nyumbani lilikuwa: kwa nini wasiutoe? Mjomba alishatolewa uvimbe mgongoni na yuko salama. Lakini huu haukai pembeni ya neva ili uweze kuchopolewa. Mishipa midogo ya damu inayoilisha neva inapita kwenye utando uleule ambao uvimbe umeushika. Ni kama mpangaji aliyejiunganishia maji kwenye bomba lako ndani ya ukuta: fundi akilikata la kwake, na lako limekatika. Madaktari wapasuaji walijaribu kwa miaka mingi, kwa mikono mizuri na hadubini nzuri, na kwa walio wengi matokeo yalikuwa jicho kupofuka. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa 64 wa uvimbe huu kwa wastani wa zaidi ya miaka 10, ukilinganisha walioachwa, waliopasuliwa, waliopewa mionzi, na waliofanyiwa vyote viwili. Waliopewa mionzi peke yake ndio waliobaki na kuona vizuri zaidi. Upasuaji sasa umebakia kwa hali chache: jicho ambalo limeshapofuka na limetokeza nje vibaya, au uvimbe unaotaka kupenya kwenda ndani ya fuvu kulitishia jicho la pili.

Basi ikawa mionzi. Na hapo ndipo kaka yangu, mtoto mkubwa wa mama mdogo, alipokuja na simu yake.

Alikuwa ameona tangazo la hospitali ya India yenye mashine ya mionzi inayomaliza kazi siku moja. Alikuwa ameshaanza kuhesabu nani atachangia nini. "Mama, unalala, unaamka, wamemaliza. Huku watakuzungusha wiki sita." Nilimwelewa. Mtu anayempenda mama yake anataka silaha kali kuliko zote, na anaitaka leo.

Hiyo tiba ipo, na ni nzuri. Wazo lake ni la daktari Lars Leksell wa Sweden, aliyelieleza mwaka 1951: badala ya kufungua fuvu, elekeza miale mingi myembamba kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu peke yake, ikutane mahali pamoja. Kila mwale unapopita hauachi madhara makubwa, lakini pale inapokutana dozi ni kubwa sana. Fikiria watu mia wamesimama kuuzunguka uwanja usiku, kila mmoja na tochi yake, wote wamemulika jiwe moja katikati. Aliyesimama njiani anamulikwa na tochi moja tu. Jiwe linamulikwa na zote mia.

Daktari wa mionzi aliitazama simu ya kaka kwa heshima, hakumkatisha. Kisha akachukua kalamu, akachora duara, na ndani yake duara dogo.

"Mashine hiyo ningeitaka kama uvimbe wa mama ungekuwa huku pembeni, hata milimita tatu tu kutoka kwenye neva," alisema. "Lakini neva iko katikati ya uvimbe. Nikiulenga uvimbe, nimeilenga neva. Hakuna mashine duniani itakayonitenganishia vitu viwili vilivyokaa mahali pamoja."

Nimeyatafakari sana maneno hayo, kwa sababu yanapindua tunavyofikiri kuhusu mitambo. Usahihi wa kulenga unaokoa kile kilicho nje ya shabaha. Kilicho ndani ya shabaha kinahitaji ulinzi wa namna nyingine, na ulinzi huo ni udogo wa dozi pamoja na muda wa kupumzika.

Tuzione hesabu zenyewe. Mionzi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa grei. Grei 1 ni nishati ya juli 1 iliyofyonzwa na kila kilo ya mwili. Ukitaka kuusimamisha uvimbe wa aina hii kwa pigo moja, unahitaji kama grei 12 hadi 16. Neva ya jicho ikipata pigo moja, madaktari huanza kusita kuanzia grei 8 hadi 10, na wengi hawavuki 12. Kinachohitajika kuuzuia uvimbe kinazidi kile ambacho neva inaweza kukivumilia. Lakini neva hiyohiyo ukiipa grei 1.8 leo, ukaiacha hadi kesho, ukaipa 1.8 nyingine, ukapumzika Jumamosi na Jumapili, unaweza kufika grei 50 hadi 54, na wengi wakatoka salama. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwapo: kwa dozi ndogo za kila siku, neva isiyovuka grei 55 ina hatari ya kuharibika chini ya 3 katika 100. Kati ya 55 na 60 hatari ni 3 hadi 7. Ukivuka 60, inapanda hadi 7 mpaka 20 katika 100. Neva haikubadilika; kilichobadilika ni jinsi mzigo ulivyogawanywa.

Kwa nini kugawanya kunasaidia kiasi hicho? Mionzi hukata uzi wa urithi, ule uliomo ndani ya kila seli wenye maelekezo ya kazi yake. Uzi huo ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa. Pigo dogo mara nyingi hukata mmoja, na seli nzima huuunga kwa kutumia wa pili kama kielelezo. Kazi hiyo huchukua saa chache, na kufikia kesho yake sehemu kubwa imekamilika. Pigo kubwa hukata zote mbili mahali pamoja, na hapo kuunga ni kugumu. Tishu ambazo seli zake hazigawanyiki upesi, kama za neva na mishipa midogo inayoilisha, ndizo zinazonufaika zaidi na mapigo madogo, na ndizo zinazoumia zaidi na pigo kubwa. Mtu wa cherehani alinielewesha kuliko vitabu. Mama mdogo alisikiliza maelezo yote, akasema: "Kumbe ni kama kitambaa cha hariri. Hukipigi pasi ya moto mara moja. Unapitisha ya vuguvugu, unaacha, unapitisha tena."

Ipo pia njia ya katikati, ya siku tano zenye grei 5 kila moja, jumla 25, ambayo baadhi ya vituo huitumia. Nikiulizwa na ndugu yangu, ningemwambia kwamba uzoefu mrefu zaidi, wa wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi, uko kwenye ile ya siku 28 hadi 30.

Hayo hayana maana kwamba usahihi haufai kitu. Jirani na neva ya jicho kuna vitu vya thamani vilivyobanana. Mbele kuna retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na lenzi ambayo mionzi kidogo tu huipa mtoto wa jicho. Juu kwa pembeni kuna tezi ya machozi. Nyuma kuna makutano ya neva mbili, ambayo yakiumia yanazima macho yote mawili, na chini yake tezi ya pituitari inayosimamia homoni za mwili mzima. Hivi vyote viko nje ya shabaha, na hapa kila milimita ina kazi yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza mama mdogo hakupigwa mionzi yoyote ya tiba. Alitengenezewa barakoa. Fundi alitoa shiti ya plastiki nyeupe yenye vitundu kutoka kwenye beseni la maji ya moto, imelegea kama chapati mbichi, akaiacha ipoe kidogo, akaitandaza usoni mwake na kuibana pembeni kwenye ubao. Akaikandakanda kufuata pua, taya, paji la uso. Ndani ya dakika chache ikakauka kama ganda. Mama mdogo alishika mkono wangu kwa nguvu. Baadaye alisema joto lake halikuwa baya, lilikuwa kama la kitambaa cha saluni. Kilichomtisha ni kushindwa kufungua mdomo. Kama unampeleka mtu wako, mwambie mapema kuhusu hilo, na mwambie kwamba anapumua vizuri kupitia vitundu, na kwamba akiinua mkono watasimama.

Akiwa ndani ya barakoa alipigwa picha ya CT, ile ya eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, na picha hiyo ikalazwa juu ya ile ya MRI kwenye kompyuta mpaka mifupa ikaoana. Kisha daktari huchora kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa: hapa uvimbe, hapa neva, hapa lenzi, hapa jicho la pili. Mwanafizikia wa hospitali huchukua michoro hiyo na kupanga miale itoke pande zipi na kwa nguvu gani. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na mgonjwa haioni, anaona tu kwamba "wananichelewesha". Sasa ninaamini ndiyo sehemu ya tiba inayostahili subira kuliko zote.

Hapa Dar es Salaam, jina linalokuja kwanza mtu akitaja mionzi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani linalotazama bahari. Kwa miaka mingi mionzi ya pale ilitoka kwenye mashine za kobalti. Kobalti imeokoa na inaendelea kuokoa watu wengi duniani, ila kingo za mwale wake zina ukungu mpana kidogo, jambo lisilo na shida kubwa kwenye nyonga na lenye shida kwenye jicho. Mwaka 2018 taasisi ilifunga mashine za LINAC, ambazo mwale wake unaweza kuchongwa ufuate umbo la uvimbe. Ninalitaja hilo kwa sababu bado kuna watu wanaotafuta nauli ya ndege kabla ya kuuliza mtaa wa pili. Uliza kwanza kipi kinafanyika nchini, na kipi daktari wako mwenyewe anaona kinahitaji kufanyika nje, na akueleze sababu.

Siku zenyewe za tiba hazina mengi ya kusimulia. Daladala ya alfajiri kutoka Rangi Tatu, foleni, barakoa, dakika kama kumi na tano mezani, kurudi. Haiumi. Haisikiki isipokuwa mlio wa mashine ikizunguka. Kuanzia wiki ya tatu alichoka mapema jioni, na nywele za upande wa kulia juu ya sikio zilipukutika duara la ukubwa wa kiganja, mahali mwale ulipokuwa unapita. Akawa anafunga kilemba. Jicho lilikauka, akapewa matone ya machozi ya bandia. Kwa wengine kichwa huuma kwa kuvimba kidogo kwa neva, na daktari hutoa steroidi, dawa ya kushusha uvimbe huo, kwa muda. Ugumu mkubwa ulikuwa nauli na kibanda kilichofungwa wiki sita, na hilo ndilo linalowafanya watu waache siku ya kumi na mbili. Dozi iliyokatizwa katikati siyo ile iliyopangwa. Kama familia ina fedha ya kuchangia kitu kimoja tu, ichangie nauli na chakula cha wiki hizo sita.

Matokeo yake? Katika tafiti nyingi zilizochapishwa, kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 uvimbe huacha kukua, na walio wengi kuona kwao hubaki palepale au hupanda. Lakini elewa neno "huacha kukua". Miezi sita baadaye tulirudia MRI, na bangili ilikuwa palepale. Kaka alitaka kulia. Daktari akaeleza kwamba bangili hiyo huenda ikabaki maisha yote. Seli zake zimevunjwa uwezo wa kuzaana, hazikuyeyushwa. Kinachopima mafanikio ni karatasi nyingine, ile ya kipimo cha upana wa kuona, ambapo mgonjwa anatazama nukta katikati na kubonyeza kila anapoona kimwanga pembeni. Sehemu nyeusi kwenye karatasi ya mama mdogo ilikuwa imepungua. Kwa baadhi ya watu nafuu hiyo huanza hata kabla siku thelathini hazijaisha. Unyuzi uliobanwa bila kufa unaweza kuamka, uliokufa hauamki. Kwa hiyo muda uliopotea kwenye matone ya presha ya macho haukurudishwa na mashine yoyote, na nitaendelea kuusikitikia.

Upande wa pili wa hesabu lazima usemwe. Wachache, licha ya dozi kugawanywa vizuri, neva huharibiwa na mionzi yenyewe. Hutokea kimya kimya, bila maumivu, miezi au miaka baada ya tiba, mara nyingi ndani ya miaka mitatu ya kwanza, mishipa midogo ya damu inapoziba. Dawa kadhaa zimejaribiwa, hata kumvutisha mgonjwa oksijeni kwenye chumba cha mgandamizo, na hakuna yenye uhakika. Retina nayo inaweza kuvuja damu baadaye, hasa kwa mwenye kisukari, ndiyo maana sukari yake hutakiwa kuwa imetulia kabla ya siku ya kwanza. Na kama shabaha ilifika nyuma karibu na pituitari, homoni hupimwa kila mwaka, kwa sababu uchovu wa baada ya miaka minne unaweza kuwa wa tezi, si wa umri.

Kwa sababu ya hatari hizo, si kila uvimbe unaoonekana hupigwa mionzi. Mtu anayeona vizuri, ambaye vipimo vyake havijabadilika, anaweza kufuatiliwa tu, kila miezi michache, na tiba ikaanza siku kipimo kitakaposhuka. Ni uamuzi wa mizani, na daktari anayekuambia "tusubiri huku tukipima" huenda hakupuuzi. Mashaka yangu ni kwa anayesema tusubiri bila kukupangia tarehe ya kupima.

Watoto ni habari tofauti, na msichanganye. Uvimbe wa neva ya jicho kwa mtoto mara nyingi huota kutoka ndani ya neva yenyewe, huitwa glioma, na mara nyingi huambatana na ugonjwa wa kurithi unaoonekana kwa madoa sita au zaidi ya rangi ya kahawa ya maziwa kwenye ngozi. Kwao mionzi husogezwa mbali kadiri inavyowezekana, kwa sababu ubongo unaokua huumizwa nayo, mishipa ya damu ya ubongo inaweza kusinyaa, na saratani nyingine inaweza kuja ukubwani. Uvimbe mwingine wa aina hiyo hufuatiliwa tu; tiba ikihitajika huanza na dawa za kudunga kama kaboplatini na vinkristini. Mtoto mwenye makengeza mapya na madoa ya namna hiyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.

Na kuna jambo dada zangu wamekuwa wakiniuliza kwa sauti ya chini. Mwaka 2024 utafiti mkubwa wa Ufaransa uliona kwamba wanawake waliotumia sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni, ile ya miezi mitatu, kwa zaidi ya mwaka, walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tano wa kupata meninjioma ya ndani ya fuvu iliyohitaji upasuaji. Mara tano ya kitu kilicho nadra bado ni kitu kilicho nadra, na mimba isiyopangwa nayo ina hatari zake, hivyo msiiache sindano kwa hofu bila kuwa na njia nyingine mkononi. Lakini mwenye meninjioma tayari, au aliyewahi kuwa nayo, amwambie mtoa huduma, abadilishiwe.

Mama mdogo sasa ana mwaka wa pili tangu amalize. Anapima upana wa kuona kila miezi sita, na karatasi zote amezihifadhi kwa mpangilio wa tarehe kwenye mfuko uleule anaotunzia vipimo vya wateja wake, kwa sababu daktari mpya akizilaza mezani zote pamoja anaona kwa dakika moja kama kuna kinachobadilika. Jicho la kulia linasoma mistari miwili zaidi ya lilivyosoma kabla ya tiba. Nyekundu haijarudi. Chini ya kila uzi amebandika kipande cha karatasi chenye jina la rangi, kwa mwandiko mkubwa, na anayemtungia sindano siku hizi ni mjukuu wake wa darasa la tatu.